Godoro la Kijiweni

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi, muuza kahawa, mwaka ule mvua ziliponyesha hata kuta zikaota ukungu. Mbele ya jiko lake palikuwa na benchi, na juu ya benchi godoro kuukuu, zawadi ya Fundi Magodoro, alilolijaza pamba za wateja zilizobaki. Siku moja Fundi alikaa pembeni, vidonge mfukoni, havijafunguliwa. Kifua kikuu alishapona zamani, lakini sasa alikohoa damu. Makohozi yalipimwa mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana. Daktari akampiga picha, akapima damu, akasema: kovu la zamani limeacha tundu pafuni, na tundu limeota ukungu. Ameze dawa, miezi mingi. Fundi aliogopa, ndiyo maana akaja kijiweni kwanza.

— Ukungu! alicheka Rubani, msukuma mkokoteni. Ukungu huota kwenye mkate. Kwani wewe mkate, Fundi?

— Mkate mwenyewe mkavu, alidakia Waziri, ambaye aliwahi kufagia ofisi ya mkubwa mmoja na tangu hapo hakosei. Nisikilize, mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Chemsha mashati yote.

— Shati na pafu wapi na wapi, kaka? aliuliza Fundi.

— Kola iko karibu na mdomo. Hujasoma ramani wewe?

— Basi mimi nasema dawa ya moto ni moto, alisema Rubani. Avute moshi wa majani mabichi, ukungu utoke unapiga chafya.

— Moshi wa nini? alipinga Waziri. Ukungu hauliwezi jua. Alale chali mchana, mdomo wazi, jua limwingie mpaka chini.

— Na nzi je? aliuliza Rubani.

— Waingie! Haba na haba hujaza kibaba. Kila nzi atatoka na chake.

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alitazama leso, akaikunja upesi.

— Kwa hiyo hivi vidonge nivitupe? aliuliza.

— Tupa, alisema Waziri. Sisi tupo.

Hapo akatokea binti yake Fundi, ametoka kumtafuta dukani kwake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu, keti.

— Baba, umemeza dawa?

— Tunashauriana, mwanangu.

Binti akakaa. Godoro likapumua vumbi, vumbi likaonekana wazi juani. Rubani akakohoa. Waziri akakohoa. Fundi akakohoa, naye hakukoma upesi. Binti akasimama, akanusa kiganja chake: ukungu.

— Hili godoro lilianikwa lini?

Waziri akajikung'uta shati. Rubani akajikung'uta suruali.

Fundi alijua kanuni ya kazi yake, aliyowaimbia wateja miaka yote: pamba kuukuu haijazwi mpaka ipigwe na jua kali. Lakini alipolijaza hili, mvua hazikumpa jua, naye hakungoja: lilikuwa la rafiki zake tu. Aliinuka, akahamia ng'ambo ya barabara, penye upepo.

— Shangazi, aliita. Nipe maji. Kahawa baadaye.

Akameza mbele ya wote. Waziri na Rubani walilibeba godoro kwenye mkokoteni, nyuso wamezifunga kwa mashati, wakaenda kulichoma mbali. Njia nzima Waziri alisisitiza kwamba yeye ndiye aliyetaja nguo.

Waziri na Rubani wametangulia, kwa uzee. Shangazi alifuata. Binti yu hai. Fundi yu hai pia, na hakai mahali kabla hajapapasa.