Mwenye Kikohozi Yuko Wapi?

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Wakubwa zangu wote, shikamooni. Walio jikoni, punguzeni moto kidogo. Walio shambani, egemezeni majembe. Na wewe mama mwenye mtoto mchanga mapajani, wewe hasa, usibanduke hapo redioni mpaka nimalize.

Leo tunamkumbuka Bi Shufaa binti Ausi wa Zinga. Bi Shufaa, mpika sirapu ya kikohozi. Ametutoka mwezi uliopita. Tumemzika Zinga, na Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nasema tunamkumbuka, lakini nisiwafiche. Leo sikuja kulia tu. Nimekuja na hasira zangu. Kuna watu wanauza chupa barabarani kwa jina la Bi Shufaa. Wanasema ni sirapu yake. Wanasema inamfaa kila mtu, mpaka mtoto wa siku saba. Wasikilizaji wapendwa, ni uongo. Bi Shufaa hakupata kupika sirapu ya mtoto mchanga tangu alipojua madhara yake. Hakuuza, hakugawa, hata kwa wajukuu zake wa damu. Na ukisikiliza maisha yake utajua kwa nini.

Bi Shufaa alizaliwa Mlingotini. Akaolewa Zinga, na huko Zinga akakaa mpaka mwisho. Nyuma ya nyumba alipanda mchaichai na kivumbasi. Tangawizi yake aliiweka chini ya migomba, pale penye ubaridi. Karafuu na mdalasini alinunua sokoni Bagamoyo, akivinusa kwanza mpaka muuzaji akasirike. Asali aliletewa kutoka kwao Mlingotini. Asali ya nyuki wa mikoko. Nyeusi kidogo, na ukiilamba inaacha chumvi kwa mbali.

Binti yake, Bi Hafidha, ametusimulia jinsi mama yake alivyopika. Sikilizeni.

"Mama akiwa jikoni hataki porojo. Tangawizi anaiponda kwenye kinu, anaichemsha moto mdogo. Chungu kikianza kutoa povu, anavuta kuni nje. Mchaichai na kivumbasi vinaingia mwisho, visije vikapoteza harufu. Anaepua, anachuja kwa bafta safi. Halafu anangoja. Asali haiendi motoni. Anatia kidole, kidole kikishtuka, bado. Kisiposhtuka, ndiyo anamimina asali."

Na chupa je? Chupa alizichemsha, akaziinamisha juani mpaka zikauke. Hakupokea chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, wala iliyowahi kutiwa dawa ya kupulizia mikorosho. Jirani mmoja alimletea chupa akasema, "Bi Shufaa, hii nimeiosha mara nyingi, nusa mwenyewe, haina kitu." Akajibiwa, "Pua yako imesahau, shoga. Chupa haijasahau."

Huyo ndiye Bi Shufaa. Mdomo ulikuwa mkali kuliko tangawizi.

Sasa nije kwenye sheria yake. Alikuwa na sheria moja, na watu wengi waliichukia. Hakumpa mtu sirapu bila kumwona mgonjwa. Narudia, hakumpa mtu sirapu bila kumwona mgonjwa. Ukifika tu, baada ya salamu, anakuuliza: "Mwenye kikohozi yuko wapi?"

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Bagamoyo mjini, na gari lake zuri. Akasema mkewe anakohoa.

"Mkeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, bibi. Nipe chupa nimpelekee."

"Basi na chupa iko nyumbani. Kamlete, waje wakutane."

Yule bwana akacheka, akadhani ni utani. Hakuwa anataniwa. Aligeuza gari akamfuata mkewe.

Mgonjwa akifika, Bi Shufaa anamkalisha kwenye mkeka, anamwekea sikio mgongoni. "Kohoa." Unakohoa. "Tena. Usinionee haya, kohoa kama uko kwako." Kikohozi cha mafua, cha koo kuwasha, anakupa chupa. Ameifunga shingoni kipande cha khanga kuukuu, na mtoto aliyekwisha kuvuka mwaka anapewa kidogo, kwa kijiko cha chai. Lakini kikohozi cha muda mrefu, chenye jasho la usiku na mwili kukonda, anakuambia, "Hiki si changu. Nenda ukapimwe." Ukibembeleza, anakufukuza. Walimwita mchoyo. Walimwita mwenye maringo. Hakujali.

Na asali kwa watoto wachanga? Hapo alifundishwa, na mwenyewe alisema alifundishwa. Nesi Evarista, aliyefanya kazi zahanati siku zile, anakumbuka alivyomjia juu.

"Alikuja kunigombeza mimi! Khanga ameifunga kiunoni, nikajua leo napigwa. Akasema, 'Nesi, nasikia unawaambia wazazi asali yangu sumu.' Nikamwambia, kwako si sumu, Bi Shufaa. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, inaweza kuwa sumu. Asali inaweza kuwa na vijidudu visivyoonekana. Tumbo la mtu mzima linavishinda. Tumbo la mchanga haliviwezi. Mtoto anakosa choo, anashindwa kunyonya, shingo inalegea, sauti ya kilio inakwisha. Akakaa kwenye benchi. Akaniuliza, 'Hata ikichemshwa?' Nikamwambia, hata ikichemshwa jikoni, vingine havifi. Akanyanyuka. Akasema, 'Ungeniambia mapema, tungegombana mapema.' Akaenda zake."

Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, mlango ulifungwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapati sirapu ya Bi Shufaa. Na asiye na miezi sita ni maziwa ya mama tu.

Ninyi mnajua pwani yetu. Mtoto akifika siku ya saba, ananyolewa, anapewa jina, na wako wazee wanaotaka alambishwe asali. Ni mapenzi, si ubaya. Kwa hiyo fikirieni ugomvi aliouanzisha. Alikwenda kwenye shughuli za watu, akala pilau yao, na bakuli la asali likitokea analifunika kwa mkono. Wengine waliacha kumwalika.

Sasa nije kwa Bi Mwanahija wa Kerege. Huyu ndiye aliyemtukana kuliko wote, na amekuja hapa studio kwa miguu yake akasema nimtaje. Mkwe wake, Sabiha, alikuwa na mtoto wa miezi minne, jina lake Dija. Dija akaanza kukohoa. Wakampakata mpaka Zinga, mkwe na mama mkwe.

Sabiha akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwenye kikohozi yuko wapi? Ni huyu? Mfunue."

Akamfunua kifua. Akatazama. Mtoto anapumua mbiombio, na kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani. Bi Shufaa hakuweka hata sikio.

"Hospitali. Sasa hivi."

Bi Mwanahija akaja juu. "Tumetoka Kerege kwa ajili ya sirapu, wewe unatupeleka hospitali? Mimi nimelambishwa asali siku ya saba. Mama yangu kalambishwa. Watoto wangu wote nimewalambisha, na wamekua!"

Bi Shufaa akamjibu, na jibu hili naomba mlishike: "Waliokua ndio unaowaona. Wasiokua, nani atawauliza?"

"Mchoyo wewe! Chupa zimejaa ndani, unamnyima kiumbe wa Mungu!"

"Nimemnyima, ndiyo. Ukitaka nitangaze, nitatangaza. Sabiha mwanangu, huyu ni wako au wa mkweo?"

Sabiha akasema, kwa sauti ndogo, "Wangu."

"Basi nyanyuka."

Bi Shufaa akatoka mwenyewe barabarani, kichwa wazi, mtandio umebaki jikoni. Akasimama katikati ya lami mpaka gari la mchanga likasimama. Dereva akafoka, "Bibi, unataka kufa?" Akamwambia, "Mimi sitaki. Na huyu hataki. Fungua mlango."

Wakapanda. Bi Mwanahija akabaki pale Zinga anatukana peke yake.

Ilikuwa nimonia. Hospitali waliwaambia wamewahi, lakini kidogo tu. Dija aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano, akapona. Leo Dija anasoma chekechea, na anasema sana. Hiyo nimeambiwa na bibi yake, kwa kulalamika.

Bi Mwanahija alichukua muda mrefu kurudi Zinga. Aliporudi, alikuja na kuku. Hakusema samahani. Alisema, "Nimepita tu." Bi Shufaa akamjibu, "Na kuku naye kapita tu?" Wakacheka. Toka hapo wakawa mashoga.

Mwezi uliopita kifua kilimbana Bi Shufaa mwenyewe, hapohapo jikoni. Bi Hafidha akakimbilia kabati la chupa. Mama yake akamkataza. "Hilo rudisha. Hiki si cha tangawizi. Nipeleke hospitali." Alipelekwa. Ulikuwa moyo. Madaktari walijitahidi, lakini siku yake ilikuwa imefika. Hata kwa kifua chake mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, hakujidanganya.

Na sasa sikilizeni kilichotokea siku ya hitma yake. Watu wako uani, masheikh wanasoma. Nje, kando ya barabara, bwana mmoja ameweka meza. Juu ya meza, chupa. Kwenye chupa, picha ya Bi Shufaa, ameikata kwenye picha ya harusi. Jina lake ninalo, leo silitaji. Atajitaja mwenyewe.

Bi Mwanahija alitoka kunawa mikono, akaiona ile meza. Anasimulia mwenyewe:

"Nikamwuliza, hii nini? Akasema, sirapu ya marehemu, mama, tunaendeleza kheri yake. Nikamwuliza, ya umri gani? Akasema, wote mama, hata mchanga, matone machache tu usingizini. Nikamwona Dija tena, mbavu zinabonyea. Nikamwambia, mwenye kikohozi yuko wapi? Akasema, nani? Nikamwambia, unayemuuzia! Kifua chake umekisikia? Akacheka. Akasema, mama, biashara haiulizi kifua. Nikamwambia, basi wewe si wa Shufaa. Nikaichukua chupa, nikaimwaga mchangani. Nikachukua ya pili. Wanawake wakatoka uani, kila mmoja akachukua yake. Yeye anapiga kelele, sisi tunamwaga. Ndani wanasoma dua, nje tunamwaga. Naamini Shufaa alisikia vyote viwili."

Yule bwana alikusanya zilizobaki akaondoka. Lakini hakuacha. Ameonekana Kerege, na wengine wamemwiga. Wanakuja na baiskeli, wanakuja na pikipiki, wanagonga mlango mchana akina baba wakiwa kazini. Wametuma ujumbe hapa redioni, eti nisiharibu riziki za watu, eti nikisema watanishtaki. Nasema. Washtaki. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi saba, nimemwacha nyumbani na bibi yake, na tangu nikae kwenye kiti hiki moyo wangu uko mlangoni kwangu. Nani anagonga sasa hivi? Amebeba nini? Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hili halihitaji chuo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asali hapana. Hata tone. Hata siku ya saba. Mtoto anayepumua mbiombio, mbavu zinabonyea, anashindwa kunyonya, amelegea, hospitali, usiku au mchana. Usingoje mume arudi. Usingoje mama mkwe akubali.

Tangawizi yenu pikeni. Mchaichai wenu pandeni. Bi Shufaa hakuwa adui wa dawa za nyumbani, alizipika maisha yake yote. Kwa sababu alizijua, alijua pia pale zinapokoma.

Kwako Bi Hafidha, na ukoo wote wa mzee Ausi, Zinga na Mlingotini, redio yetu inawapa pole kwa msiba. Mungu awape subira. Bi Hafidha ametuambia ataendelea kupika, kwenye chungu kilekile, kwa sheria ileile. Hana wakala. Hana meza barabarani. Hana chupa inayotembea.

Nawaachia jambo la kutafakari mkizima redio. Nani ndani ya nyumba yako ana ruhusa ya kusema hapana, kwa ajili ya mtoto? Kama hayupo, leo awe wewe.

Na akija mtu mlangoni na chupa yenye picha ya Bi Shufaa, usigombane naye sana. Mkumbatie mwanao, simama mlangoni, muulize swali la mwenye picha: Mwenye kikohozi yuko wapi? Atakuuliza unataka chupa ngapi. Hapo funga mlango.