Birika la Kukanyaga

Nilikuwepo. Nasema mapema, asije mtu akadai nimesimuliwa. Nilikalia ncha ya benchi yenye msumari, na msumari ni shahidi wangu. Asubuhi hiyo Shangazi muuza kahawa alishika barua kama anayeshika panya kwa mkia. Tangu avunjike kifundo cha mkono, hawezi kuinua birika. Ndipo akabuni lake: limefungwa kwenye fremu ya chuma, lina waya wa breki na pedeli ya baiskeli. Unakanyaga, linainama, linamimina. Sasa kampuni moja inasema ina hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi huo, na Shangazi aache kulitumia ndani ya siku kumi na nne.

— Wakili, nieleze, mwanangu, alisema Shangazi, akimkabidhi barua. Bila hili birika nafunga biashara.

Wakili alipewa jina hilo kwa kufagia korido za mahakama miezi sita.

— Tunakwenda na katiba! Kila raia ana haki ya kuishi. Mimi bila kahawa siishi. Kesi imekwisha.

— Kifungu cha ngapi? aliuliza Kinyozi, mwenye kibanda jirani.

— Cha katikati.

— Acha hizo. Hapa ni hakimiliki. Birika likimimina linaimba, na wimbo ni wa Shangazi. Lao likiimba, wezi!

— Basi tuunde kampuni yetu, alisema Wakili. Benchi ndiyo bodi ya wakurugenzi.

— Na mtaji?

— Ulimi! Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Ndiyo maana barua umeikunja?

Shangazi alicheka. Wakili akashusha sauti:

— Kitu kikiwa siri ni chako. Akija mtu kuuliza, hatujawahi kuliona. Tuape!

Tukaapa, vikombe mkononi.

Hapo akafika dada mwenye faili, mwanasheria wa msaada wa bure aliyeitwa na Shangazi.

— Shikamooni. Swali moja tu: hili birika mmelijua tangu lini?

Shangazi akamtazama Wakili.

— Birika lipi? aliuliza Wakili, nalo linammiminia.

— Jamani! Kampuni iliomba hataza miaka miwili iliyopita. Kama watu walishaliona hadharani kabla ya hapo, halikuwa jipya, na hataza inaweza kufutwa.

— Lo! Tumeliona tangu zamani!

— Zamani si tarehe. Nani ana ushahidi?

Shangazi akainamisha kichwa. Kinyozi akakuna kisogo, akaingia kibandani kwake, akatoka na picha iliyokuwa imefichwa nyuma ya kioo. Harusi yake, tarehe ya miaka minne nyuma imechapwa pembeni. Bibi harusi anang'aa, birika liko nyuma yake, na bwana harusi kavaa suti, kiatu kimoja, na mguu wa pili una bendeji ndani ya kandambili ya maua.

— Si ulisema uliungua ukiokoa mtoto motoni? aliuliza Wakili.

— Nilikanyaga pedeli kwa mbwembwe, kahawa ikanimwagikia. Mke wangu anajua. Mama mkwe ndiye bado ananiita shujaa.

— Basi leo ndipo umekuwa shujaa kweli, baba, alisema Shangazi, akifuta machozi kwa ukingo wa kanga.

Hataza ilifutwa baada ya miezi saba. Siku hiyo Shangazi alikanyaga mpaka birika likakauka, na Kinyozi alikunywa akiwa amekunja miguu juu ya benchi.

Yote ni kweli, niliyaona kwa macho yangu. Ila kandambili haikuwa na maua. Hayo nimeyaongeza mimi.