Nyongeza ya Vidole Viwili

Wanangu, sogeeni, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Elisha, kaa hapa kichwani. Kristina, mama, shika hicho kikombe, usinipe maji mpaka niyaombe. Wewe Calist, hapo ulipo panatosha. Najua mlichokuja kusikia: mizinga ya nyuki iliyobaki hapa nyumbani inakwenda kwa nani. Na Calist anataka kusikia na lingine, kama mama yake anakufa amemwachia baraka au amemwachia laana. Yote nitayasema, ila kwa mwendo wangu. Padre amekwisha kunipaka mafuta asubuhi na amenisihi nisamehe. Nikamwambia nimesikia, Baba, na kusikia si kukubali.

Sikilizeni. Baba yenu Mughwai alipofariki, ndugu zake walikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka, wakaingia vichakani wakateremsha mizinga yake yote ya magogo, wakasema mwanamke hapandi mti, sasa mizinga ataifanyia nini. Mimi nikabaki na ninyi watatu na jembe. Sikulia mbele yao. Akina mama wa kigango walipoletewa mizinga ya masanduku, ile inayoning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa sababu pale hapakuwa na mti wa kupanda wala mwanamume wa kunikataza. Kwa sanduku lile moja mlisoma, mkavaa viatu, na Calist akaoa kwa heshima, ngoma mpaka Itigi mjini wakasikia.

Mingine yote aliitengeneza fundi Alute, na kila mara nilimwambia neno lilelile mpaka akawa ananitania kwamba nitazikwa nalo: fremu ya mzinga huu iingie katika mzinga ule bila kusukumwa. Mlidhani ni ukaidi wa mama. Fremu, wanangu, ule mraba wa mbao ambamo nyuki hujenga masega, hainunuliwi kwa macho. Kabla hujatoa hela, pima sanduku lako. Tazama masikio ya fremu kama yanakaa vizuri ukingoni, kisha tazama ubavuni kama imebaki nafasi ya kupita kidole cha mwisho cha mtoto, basi. Nafasi ikizidi hapo, nyuki wanaijaza masega ya kombokombo. Ikipungua, wanaiziba kwa gundi yao, na siku ya kufungua utavunja kila kitu. Lakini hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba mzinga ukifiwa na malkia, nao hauna yai hata moja, hauwezi kujiokoa. Unakufa taratibu huku nyuki wanavuma kama kawaida, mpita njia akidhani ni wazima. Kinachouokoa ni fremu moja yenye mayai kutoka kwa jirani, nyuki wakalee humo malkia mwingine. Fremu zikiingiliana, hakuna mzinga ulio yatima. Ndiyo maana nilishikilia kipimo kimoja, si kwa ajili ya mbao.

Sasa ninyi. Masika yale nimelala hospitali, tumbo limejaa maji, mkagawana mizinga yangu nikiwa hai. Nani alisema tugawane mapema tusije tukagombana? Usiinamishe kichwa, Calist, sakafu haina jibu. Mligawana wawili, Kristina mkamwambia ameolewa, ale kwa mumewe. Yaani maneno ya baba zenu wadogo yaliyonitoa machozi, mkayaokota mkamtupia dada yenu. Watu husema fuata nyuki ule asali. Ninyi mmekimbilia asali, nyuki mmewaacha nyuma.

Na wewe Elisha usijione malaika kwa kuwa umekaa kichwani kwangu. Ulikwenda Singida mjini ukaona fremu zinang'aa, ukanunua kwa macho, ukarudi unazisukuma kwa ngumi ndani ya masanduku ya Alute, ukasema nyuki watazoea. Nyuki hawakuzoea, walizigandisha kwa gundi yao. Kiangazi ulipofungua ule mzinga mkubwa, mama wa mizinga yako yote, ulizing'oa kwa nguvu na ukamponda malkia ubavuni mwa sanduku. Ulimwonyesha Kristina yuko kiganjani mwako, naye akaja kunisimulia wodini. Ulikuwa ukame, malkia hakuwa akitaga, mzinga mzima haukuwa na yai. Huo ulikuwa uzembe, na uzembe unaadibishwa. Ulichofanyiwa baadaye si adabu.

Ulikwenda kwa kaka yako, ukampigia hodi kama ndugu, ukamwomba fremu moja ya mayai. Yeye nyuki wake walikuwa wanakunywa maji ya sukari kwenye vivuli vya mabati, mayai anayo. Akaitoa mbele ya macho yako, mkaenda nayo mpaka kwenye mzinga wako, ikakaa juu ya sanduku kama mwiko juu ya chungu, haishuki, kifuniko hakifungi. Imezidi vidole viwili. Akakwambia, "Pole mdogo wangu, haitoshei, sasa mimi nifanyeje?" Akaichukua akarudi nayo kwake. Na kisu alikuwa nacho kiunoni, Elisha. Kamba ya katani ilikuwa imefungia waya wa mzinga uleule. Angelikata lile sega akalifunga kwenye fremu yako, nyuki wangelishika wenyewe kwa nta kabla ya Jumapili. Nilimfundisha mimi kwa mikono hii, akiwa hajaota ndevu. Hakusahau. Alikuwa na kisingizio, akakitumia.

Baadaye mkasema ni bahati mbaya, vipimo vimegongana. Majirani wakasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nao wakalima. Lakini Alute alikuja kuniona wodini na mayai ya kuku ndani ya kitambaa, akaketi, akanisalimu, akasema kwa furaha yake yote, "Mama, ile nyongeza ya vidole viwili uliyoagiza niliimaliza tangu masika, mizinga yote ya Calist nimeibadilisha." Nikamuuliza, nyongeza ipi? Mzee wa watu akakiweka kile kitambaa chini. Akasema, "Calist alisema ni maagizo yako, Mama, fremu zake zisiingie kwa wengine, asije akawa anaombwaombwa."

Asije akaombwa.

Alilipanga hilo kabla hujamponda malkia, Elisha, kabla hujawa na shida yoyote. Alikaa akafikiri siku ndugu yake atakapohitaji, akakata mbao kwa ajili ya siku hiyo. Na akatumia jina langu. Nimekaa na uchungu huu tumboni, mzito kuliko maji yaliyomo humu, na sioni aibu kuwaambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomo nguoni mwangu nimekizaa mwenyewe.

Nipe maji, mama. Kidogo. Basi.

Mizinga ya nyumbani, hii iliyo kandokando ya alizeti, ni ya Kristina. Yote. Bomba la moshi na nguo za kurinia ni vyake pia. Atakayemwambia ameolewa, amwambie mbele ya kaburi langu. Mlivyogawana nikiwa hospitali kaeni navyo, sivitaki tena. Kristina, kipimo ni kilekile, usikibadilishe hata wakikucheka, na Elisha akija na sanduku tupu mpe fremu ya mayai, ila kwanza umsemeze kuhusu zile ngumi zake. Jeneza atengeneze Alute peke yake. Mtu mmoja ampe vipimo, msiende kila mmoja na vyake. Mnizike karibu na baba yenu, uzio usiwepo.

Njoo... Elisha, leta kichwa. Mungu akupe mikono ya taratibu. Akupe mvua kwa wakati. Kristina, mama yangu wewe... Mungu akujaze, nyumba yako isikose mgeni wala cha kumpa. Mama, usilie, utanimwagia maji.

Calist. Sogea sasa. Hapana, usipige magoti, pumzi haitoshi kungoja... Sikulaani. Nimejaribu, mdomo umekataa, nilikunyonyesha. Lakini baraka yako... mimi sikupi. Nimempa Elisha akutunzie. Iko kwake. Uliogopa kuombwa, mwanangu... basi utakwenda wewe kuomba. Utapiga hodi. Utangoja mlangoni.

Elisha... akija...

Nigeuzeni upande. Huu. Elisha, akija... mpe yote.