Harufu ya Spiriti Kwenye Mashati ya Kaka

Ndugu, jamaa na majirani, tumechoka sote na jua ni kali, kwa hiyo wasifu huu hautakuwa mrefu. Anayeusoma ni mdogo wake marehemu, yule walioachiana ziwa. Mjane alitoa sharti moja kabla ya kukabidhi picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki: ugonjwa utajwe kwa jina lake, kwa sababu jana tu, palepale uani, mtu alikuwa na kikombe chetu cha chai mkononi akisema kwamba pombe ndiyo iliyommaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi cherehani na mkunga, katika vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta. Mama alisimulia kwamba alichelewa kusema hadi akatimiza miaka mitatu. Alipoanza aliomba maji kwa sentensi nzima isiyo na kosa, kisha akanyamaza wiki nyingine.

Alianza shule ya msingi Januari 1970. Darasa la tano mwalimu wa hesabu alimuuliza jibu, akalitoa. Mwalimu hakusikia, akauliza tena. Marehemu akasema, "Nimeshajibu, mwalimu." Alichapwa viboko vinne na jibu hakulirudia, ingawa lilikuwa sahihi. Tabia hiyo ishikeni, maana ndiyo iliyomponza maisha yake yote. Alimaliza sekondari mwaka 1982, akapata cheti cha ufundi wa maabara Novemba 1986.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa dawa za mimea, chumba namba sita, ghorofa ya chini, chenye dirisha moja lisilofunguka vizuri. Hapo alikaa miaka thelathini na mitano, yeye na wenzake wakitafuta dawa ya ini lenye mafuta. Ini likijaa mafuta linaweza kuanza kuwaka ndani kwa ndani, na mwako huo ukidumu huacha makovu, mpaka ini linakuwa gumu kama soli ya kiatu. Marehemu alikausha majani na mizizi kivulini, akaisaga, akailoweka kwenye spiriti siku tatu, akachuja, akaigeuza hiyo spiriti kuwa mvuke mpaka zikabaki kemikali za mmea pekee. Hizo walipewa panya weupe walionenepeshwa maini kwa makusudi. Alipitia mimea 212. Mingi haikufanya lolote, mingine iliwaua panya. Mzizi mmoja, ambao kazini waliuita tu Namba 171, uliutuliza mwako mwaka 2014. Marehemu alirudia jaribio hilo mara tisa kabla ya kumwambia mkuu wake. Majaribio aliyarudia, maneno, hapana.

Sasa, mtu anayeshinda kutwa kwenye mvuke wa spiriti hurudi nyumbani akinuka spiriti. Mwaka 1988 mama alimuuliza harufu ile ni ya nini, akajibu kwamba ni ya kazini. Mama akasema kila mlevi ana kazi yake, sote tukacheka, na mdogo wake alicheka kuliko wote. Marehemu hakulirudia jambo hilo tena.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990 na mwalimu wa chekechea, baada ya baba mkwe kumnusa kwenye mazungumzo ya posa na kuahirisha mambo kwa miezi minane. Mke wake hakuwahi kumshuku, na hoja yake ilikuwa ya mfuaji. Alisema mlevi hujimwagia kifuani, ila mashati ya mume wake yananuka mikononi, kuanzia kwenye vishikizo mpaka viwikoni. Tulimwambia anamfichia mumewe aibu.

Agosti 2011 ukoo uliketi kumshauri aache pombe. Baba mkubwa aliongoza, na aliyeitisha kikao hicho ni huyuhuyu anayesoma. Tulizungumza saa mbili nzima, kwa upole, kwa machozi, kwa mifano ya watu waliojifia mitaroni. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Alipopewa nafasi alisema, "Nilishasema mwaka themanini na nane," akaomba ruhusa aende, maana panya walikuwa hawajalishwa.

Lisemwalo lipo, tuliendelea kusema, na kama halipo laja. Mwaka 2017 likaja. Daktari alimkuta na ini lenye mafuta, lenye mwako, lililokwisha kuanza makovu. Daktari alisema chanzo ni kisukari na unene, na akaandika hivyo kwenye cheti. Sisi tulisikia neno ini tu, tukatazamana. Dada alimsihi anywe ule mzizi wake, kwani chupa si anayo? Akajibu, "Panya walipona. Mtu bado hatujui. Nikinywa mimi nikafa, hamtajua nimekufa kwa ini au kwa mzizi." Hakuugusa.

Juni 2022 tumbo lilijaa maji, akalazwa, akastaafu akiwa kitandani. Alimtuma mdogo wake chumba namba sita akarudishe funguo na kuchukua koti lake. Mdogo wake alimkuta msaidizi peke yake, akabaki kumshikia mitungi ya kuchujia toka asubuhi mpaka saa saba mchana. Alipofika kwake mwenyewe, mkewe alisimama mlangoni, akamnusa, akauliza, "Na wewe umeanza?"

Hakuingia ndani. Aligeuka na shati lilelile mpaka wodini. Marehemu alimnusa kabla hajaketi, akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Umetoka namba sita," akasema.

"Kaka, nisamehe. Miaka yote hii nilikuona mlevi."

Marehemu alifumba macho. "Nimeshakusamehe. Usiniulize tena, nimechoka."

Mdogo wake aliuliza tena, si mara moja, kwa sababu kosa la miaka thelathini na nne halitulii kwa jibu moja. Hakujibiwa. Marehemu alifariki hospitalini Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akimkata kucha.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili na mdogo wake wa kiume. Ameacha pia Namba 171, ambayo imeanza kujaribiwa kwa wagonjwa, na majibu yake hayajatoka. Familia inawaomba msiinunue kwa yeyote atakayewaambia anayo.

Yeye alisema mara moja, mwaka 1988, hatukusikia. Mdogo wake hana kipaji hicho cha kunyamaza, kwa hiyo anasema leo, na atarudia kila atakapoulizwa, hata uani, hata kikombe kikiwa mkononi: kaka hakunywa pombe. Alitengeneza dawa ya ugonjwa uliomuua, na alikataa kuinywa kabla haijawa tayari. Alituambia amechoka. Tumwache apumzike kwa amani, na tusimuulize tena.