Kazi ya Kukaa

Kaeni, ndugu zangu, msinisimamie. Namshukuru Mungu aliyenifikisha hapa mbele. Mnaonifahamu, naomba msinichekeshe, maana nikicheka magoti yanalegea, na leo sitaki kuanguka kabla sijamaliza. Nimekuja na hasira. Mchungaji kasema nisitaje jina la mtu. Sitataja. Lakini majina ninayo yote, tangu la mtoto wa kwanza aliyeniita gogo.

Nilitolewa shule darasa la pili kwa kusinzia. Mwalimu alinimwagia maji, nikalala hivyo hivyo nimelowa. Nyumbani wakasema, basi huyu apewe kazi nyepesi, kazi ya kukaa: akalinde ndege kwenye mtama. Nawaambieni, mtu wa usingizi unamkalisha juani peke yake kutwa nzima! Nilipoamka ndege walishakula wakaondoka. Nilipigwa mpaka nikajikojolea. Nilipoolewa, mama mkwe alinipaka pilipili machoni. Nikalala huku machozi yanatoka. Mnacheka? Wengine mnaocheka ni wajukuu zake.

Walisema nimerogwa. Walisema mvivu. Na mimi nikaamini, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimetubu uvivu humu humu kanisani, kwenye benchi lile pale, sijui mara ngapi.

Mwaka juzi mjukuu wangu wa darasa la tano naye akaanza. Anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Akichekeshwa, shingo inalegea kama ya kuku aliyechinjwa. Mwanangu, baba yake huyo mtoto, akaniambia, "Mama, huyu shuleni anapoteza muda tu. Mtama umeshatoa masuke, aende akalinde ndege. Si kazi ya kukaa tu?"

Kazi ya kukaa! Ndugu zangu, hasira ilinipanda mpaka magoti yakaisha nguvu, nikamjibu nikiwa chini vumbini: "Huendi naye popote. Niitie bodaboda."

Mjini, daktari, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, akatuuliza maswali mpaka jua likageuka. Akatutuma hospitali kubwa, mtoto akapimwa akiwa usingizini. Tuliporudi na majibu akasema, "Bibi, huu si uvivu wala uchawi. Kwenye ubongo kuna chembe chache zinazotengeneza kemikali ya kutuweka macho. Inaitwa oreksini; ikikosekana, hata kicheko au hasira hulegeza mwili. Za mtoto zimekufa. Nahisi na zako."

"Nani kaziua?"

"Tunadhani ni kinga ya mwili wenyewe, ile inayopigana na magonjwa. Ilikosea, ikaziona adui."

"Zitaota tena?"

"Hapana, bibi. Ila kuna dawa, na awe analala kidogo mchana, saa zilezile kila siku."

Oreksini. Jina hilo nimelishika kama nilivyoshika yenu. Maana mlinda ndege wa kichwani mwangu alikufa nikiwa mtoto, nanyi mkanipiga mimi.

Namshukuru binti yule. Namshukuru mwalimu mkuu, anayemtandikia mjukuu wangu mkeka ofisini kila adhuhuri. Akiamka anarudi kwenye hesabu zake. Namshukuru na mwanangu, alikuja kuniomba radhi kwa magoti, ingawa nilimwacha hapo chini kidogo.

Ukiona mtoto wako anasinzia kila siku, weka fimbo chini, mpeleke akapimwe. Na mnaonong'ona mvivu, mjue nawasikia hata nikiwa nimefumba macho.

Sasa naenda kukaa. Nikilala wakati wa mahubiri, asiniguse mtu. Kwa hilo sitatubu tena.