Siku Walipoficha Mpunga Kanisani

Ukitoka Uvira kwa barabara ya bonde la Ruzizi, kabla hujafika Bwegera utakuta benchi la mkaratusi limeegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Hapo Honorine huuza kahawa ya tangawizi tangu asubuhi mpaka termosi ya pili ikauke, na vikombe huvisuuza ndani ya kofia ngumu ya njano, ile ya wachimba madini, aliyoigeuza kuwa karai. Wenye benchi lao ni watatu. Pitchou wanamwita Ministre, yaani Waziri, kwa kuwa anamjua kila anayeingia na kutoka serikalini Kinshasa, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Bukavu. Cyprien ni Géologue, mtaalamu wa mawe: mwaka mmoja aliwabebea Wazungu mifuko ya mawe, na tangu hapo hapiti jiwe bila kulilamba. Wa tatu ni mzee Gaspard, ambaye aliwahi kuwatafsiria maneno watu wa proje, mradi wa misaada, basi akaitwa Mkalimani. Wenzake hulitaja jina hilo kwa kucheka. Yeye huangalia chini.

Asubuhi hiyo malori matatu yalipita yakitoka Bwegera, yamejaa magunia ya mpunga mpaka yanayumba, na vumbi lake likatua kwenye vikombe.

— Angalieni, Ministre akasema akipuliza kahawa yake. Benzetu banapeleka mpunga Uvira, na sisi tuko tunakunywa vumbi.

— Kunywa tu, Honorine akamjibu. Vumbi ni ya bure.

— Munajua juu ya nini, sababu gani, mfereji ulitengenezwa kwabo, kwetu ukaachwa? Minye mwenyewe najua. Iko mukubwa moja kule Kinshasa, mama-mukwe wake anatokaka Bwegera. Sasa mutu atanyima mama-mukwe wake maji? Wazee balisema: damu ni nzito kuliko maji. Njo maana maji inafuata damu.

— Acha bongo, acha uongo, Géologue akasema. Haiko siasa, iko mawe. Chini ya hii benchi yetu iko zahabu ya mulima muzima. Leta, ile serikali yetu, anajua. Maji ya mfereji ikipita hapa itaiosha, kila mutu ataiona. Njo balikatala.

— Kama banajua, juu ya nini habakuye kuichimba?

— Penye miti hapana bajenzi. Si ndiyo? Tulipaswa tukate miti kwanza, kisha bajenzi bakuye.

— Tulikata yote, Géologue, Honorine akasema. Hata kuni sina. Bajenzi bako wapi?

— Mulibakisha ile moja ya mbele ya kanisa.

Ministre akacheka mpaka akamwaga kahawa gotini. Alipojifuta akauliza, kwa sauti ya mtu anayehojiwa redioni:

— Na ile zahabu yenye kutoka mu milima, inaendaka wapi?

— Dubai. Chanda chema huvikwa pete. Bidole byetu biko na matope, basi pete inatafuta bidole bya bengine. Lakini ile ya Dubai ni kidogo. Mingi inabakia hapa hapa. Inatembea.

— Zahabu inatembea?

— Inatembea! Ni kintu nzito. Inashuka milima polepole, inaingia mu Ruzizi, inaenda kulala chini ya ziwa. Munafikiri juu ya nini Tanganyika ilipanda mpaka ikaingia mu manyumba ya batu kule Uvira? Banasema mvua. Mvua! Weye tia mawe mu sufuria yenye kujaa maji, utaona. Ni zahabu yetu njo iko inasukuma maji.

— Dada yangu nyumba yake ilizama, Honorine akasema. Nitamwambia asilie tena. Kumbe eko analala juu ya mali.

Hata yeye alicheka, lakini kidogo. Gaspard hakucheka kabisa. Mambo haya alikuwa akiyasikia kila juma kwa miaka mitano, mama-mukwe, mawe, Dubai, na kila juma uongo ulinenepa, naye akanyamaza kwa sababu kila uongo mpya ulimfunika kidogo. Asubuhi hiyo haukumfunika tena. Labda ni yale malori. Alisikia harufu ya mpunga mpya, na harufu hiyo ikamchoma.

— Ni minye, akasema.

— Weye nini, Mkalimani? Weye njo unasukuma ziwa?

— Mfereji. Ni minye niliupeleka Bwegera.

Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa kuwa wote walikuwapo siku mpunga ulipofichwa.

Miaka sita iliyopita watu wa proje walitangaza kwamba watapita kijiji kwa kijiji kuandika watu wanaishi na nini, ili kila mahali pasaidiwe kadiri ya kazi yake. Gaspard ndiye aliyechaguliwa kutafsiri. Siku ile ya kuwangojea alikuwa ametoka Uvira, na huko mtu mmoja wa hoteli, mlinzi wa geti tu, alimnong'oneza kwamba mpunga hauna bahati, maana kila kijiji cha bonde kitasema mpunga. Misaada mikubwa inakwenda penye zahabu. Gaspard akarudi na siri hiyo kama mtu aliyeokota almasi. Akapita nyumba kwa nyumba: wakiuliza, semeni zahabu. Zahabu ilikuwapo kweli huko juu milimani, vijana wawili watatu walikuwa wakienda kuchimba baada ya mavuno. Lakini kijijini ulikuwa wakati wa kuanika, na mpunga ulikuwa umetandazwa kandokando ya barabara, turubai baada ya turubai. Basi kijiji kizima kiliufagia. Waliubeba kwa mabeseni, kwa vitenge, wakaurundika kanisani, na padri akapewa habari nusu. Mwandikaji mmoja alikanyaga punje zilizobaki akauliza ni nini. Gaspard akamtafsiria: chakula cha kuku.

Siku tatu mpunga ule ulilala mbichi kwenye mabenchi ya kanisa, ukapata joto, ukanuka. Jumapili watu walisali wameziba pua wakichekana. Yalikuwa ni mambo ya kuchekesha kweli.

Mwaka uliofuata Bwegera wakatengenezewa mfereji. Wao, kijiji cha zahabu, wakaletewa kofia za njano mia mbili, buti, na karai za kuchekechea. Mto ulipojaa ukabomoa mfereji wao wa zamani, wakaenda kulalamika ofisini, karani akafungua karatasi akawaambia: lakini nyinyi hamlimi. Mashamba yakashikwa na matete. Vijana wakatazama mashamba, wakatazama buti, wakavaa buti. Merdi, mtoto wa pekee wa Gaspard, alikuwa wa kwanza. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Sasa simu yake haijashika tangu Pasaka ya mwaka jana. Kuna aliyesema alimwona kwenye mashimo ya upande wa Lemera, na kuna aliyeapa kwamba alikwisha kuvuka kwenda Fizi.

— Tulisema sisi bote, Ministre akasema, safari hii bila sauti ya redio.

— Mulisema kile nilibafundisha.

— Minye nilibeba mabeseni nane, Honorine akasema. Alikuwa amempa mgongo, anasuuza kikombe kilichokuwa safi tayari. Mabeseni nane, mzee Gaspard, na mimba ya miezi saba. Shamba ya bwana wangu njo ilikuwa inanilisha. Ungeniachaka niseme mpunga, leo singekuwa nauza kahawa kwa banaume batatu benye habana kazi.

Géologue, ambaye moyo wake ni mwepesi na hapendi kuona mtu akiumia, alimshika Gaspard bega.

— Usilie, Mkalimani. Wazee balisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake, mwenye alichimba njo anakuwa wa kwanza kufikia maji. Na weye utayafikia.

Gaspard akamwangalia aone kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki. Ilimuuma zaidi.

Pikipiki ikasimama mbele ya benchi. Msichana mwenye koti la mvua na begi la plastiki akashuka, akasalimu wote kwa zamu, wazee kwanza kisha mama, akasema anaitwa Ornella, anatoka kwa chama cha wakulima wa Bwegera.

— Tumepata msaada wa kuongeza mfereji, akasema. Kiangazi hiki tunaweza kuufikisha mpaka hapa kwenu.

Ministre alisimama kabisa.

— Mpaka hapa?

— Mpaka kule kwenye matete. Ila kila kijiji inaleta kijana wa kuchunga maji, wa kufungua na kufunga zamu ya kila shamba. Tutamufundisha kazi yenye kubakia, lakini anapaswa kuwa anajua mpunga. Liste ya majina inaenda Uvira leo. Kijiji yenye haina jina, maji haifike. Nipeni jina moja tu.

— Moja? Andika ishirini! Ministre akapaza sauti. Hapa bijana bote banajua mpunga. Andika Emery, andika...

— Emery eko kijana, ao eko na miaka yenu, papa? Ornella akauliza, maana aliona Ministre akihesabu kwa vidole bila kupata jina la pili.

Gaspard akamvuta Ministre shati akamketisha. Maji. Mpaka kwenye matete. Alijiambia, leo mdomo huu hautasema uongo hata mmoja, na akaona kwa furaha kwamba haukuhitaji uongo. Ukweli wake ulitosha.

— Andika Merdi, akasema. Ni mutoto yangu. Eko na miaka makumi mbili na sita. Minye mwenyewe nilimufundisha kufungua maji alipokuwa na miaka kumi. Alikuwa anasikia usiku maji ikitoboka, anaamuka mbele yangu. Anajua mpunga kunishinda. Hiyo haiko bongo. Uliza hawa bote.

— Ni kweli, Honorine akasema, na mara ya kwanza asubuhi hiyo akamwangalia Gaspard usoni. Ni kweli kabisa. Ile mutoto alijua maji.

Ornella akaandika jina, akalipigia mstari, akatabasamu.

— Asante, papa. Basi eko wapi? Nimuone mbele ya kurudi.

Ministre, anayejua kila waziri analala wapi, akatazama kikombe chake. Géologue, anayejua zahabu inapopita chini ya ardhi, akakuna goti. Honorine alishika termosi bila kumimina.

— Papa, eko wapi?

Gaspard aligeuka akaitazama milima ya magharibi, akaanza na ule wa upande wa Lemera, kisha uliofuata, kisha uliofuata, akaipitia yote mpaka ule wa mwisho unaopotelea Fizi, kwa sababu hakujua ni upi.