Zinakula Hata Zikiwa Hazina Kazi

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyuma wa hospitali, chini ya viyoyozi viwili vya chumba cha seva vinavyotema hewa ya moto mchana kutwa. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko hapo ubavuni, kwa hiyo husikia yote sindano ikiwa mkononi. Shangazi huuza kahawa. Yuniti alisoma mita za umeme miaka ishirini na mitatu kabla ya kustaafu, na tangu hapo hakuna jambo la umeme asilolijua, hata yale yasiyokuwepo. Breki huendesha gari la wagonjwa. Naye Baridi ndiye mtunza seva, zile kompyuta kubwa zinazohifadhi faili za wagonjwa wote. Jina tulimbandika kwa ajili ya sweta lake, ambalo havui hata jua la saa saba. Jumatano ile alikuja saa nne asubuhi, sweta hana, akakaa mwisho wa benchi. Juu ya vichwa vyetu viyoyozi vilikuwa kimya.

— Leo kuna nafuu hapa, alisema Yuniti. Mashine zako zimegoma?

— Zimekufa, alisema Baridi.

— Zote kumi na nne?

— Mbili. Lakini ndizo zenye faili. Hizo nyingine nimezizima.

Shangazi alimmiminia kahawa bila kuulizwa. Baridi aliishika tu, hakunywa.

— Jana umeme si ulikatika? alisema. Jenereta ikawaka. Sasa jenereta ile ilinunuliwa nikiwa na seva nne. Leo ninazo kumi na nne, na iliyo changa kuliko zote ina miaka kumi na moja. Jenereta ikaanza kukoroma. Fundi umeme akanipigia: chumba cha upasuaji kuna mtu mezani, jenereta haibebi vyote viwili.

— Ukamwambiaje? aliuliza Breki.

— Ningemwambiaje, kaka? Nikamwambia kata kwangu. Betri za akiba za seva zilipaswa kunipa dakika ishirini nizime moja moja, taratibu. Zilinipa mbili. Umeme uliporudi, seva mbili hazikuamka.

— Na nakala hukuweka pengine? aliuliza Shangazi.

— Niliweka. Ya kwanza ilikuwa na faili, ya pili ilikuwa na nakala. Sikuwa na mahali pengine pa kuiweka, Shangazi.

Yuniti hawezi kunyamaza sana. Maneno kwake ni kama kikohozi.

— Mimi nilisema. Mita yenu ile imechezewa. Kuna waya umepita ukutani unanywesha mtaa mzima. Ndiyo maana jenereta imezidiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo methali imeingiaje hapo, mzee? alisema Breki.

— Umeme ni mgeni. Umekuja, mwenyeji hakupona. Wewe hujui Kiswahili.

— Hakuna waya, alisema Baridi. Nimepima mwenyewe. Ni seva zenyewe. Seva kuukuu ikikaa bure, haijaguswa na mtu, bado inakula nusu ya umeme inaokula ikiwa kazini. Na wote inaokula unageuka joto, ndipo kiyoyozi kinakula tena ili kuliondoa. Unalipia kuchemsha, halafu unalipia kupoza.

— Sasa hapo mimi nakuelewa, alisema Breki. Ni kama gari. Gari likibeba mzigo linakunywa mafuta. Hizo faili zako zimejaa marehemu. Ungewafuta marehemu, mashine zingepumua.

— Faili haina uzito, Breki.

— Marehemu hana uzito? Mimi ndiye ninayewabeba, bwana!

Hata Shangazi alicheka, akafunika mdomo kwa kanga. Yuniti akaona anapitwa.

— Nyinyi nyote watoto. Huko kiwandani huziwekea mashine saa ndani. Ikifika miaka kumi, ile saa inaiambia mashine: kula! Kula mpaka bwana wako akanunue nyingine. Nilishaiona mita ikizunguka kinyumenyume, jumba zima limefungwa, hamna mtu ndani. Kwa nini? Saa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu, alisema Baridi polepole. Mkuu wa hii hospitali nilimwandikia barua tatu.

Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechanika. Akanipa mimi nisome, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa sijasema neno. Ilikuwa barua fupi, safi. Ilisema seva tatu mpya zingefanya kazi ya zote kumi na nne. Ilisema umeme ambao hizi kuukuu zinakula kwa miaka miwili na nusu, pamoja na wa viyoyozi, unatosha kununua hizo tatu. Ilisema jenereta ingebaki na nafasi. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Zinawaka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Hiyo ndiyo ya kwanza, alisema Baridi. Ya pili walinijibu kwamba bajeti ya umeme na bajeti ya vifaa ni ofisi mbili tofauti, kwa hiyo huwezi kuokoa huku ukanunulia kule. Ya tatu hawakujibu.

— Na sasa? aliuliza Shangazi.

— Sasa wanataka maelezo kwa maandishi, kabla ya saa kumi, kwa nini nimepoteza faili za hospitali.

— Wape hizo barua! alisema Breki.

— Nimewaonyesha. Wameniambia barua si kinga. Kwamba mtunza mashine ni mimi, nilipaswa kujua zimefika mwisho lini.

Shangazi aliweka birika chini.

— Na ulijua? Niambie mimi, mwanangu. Ulipaswa kuzitoa lini?

Baridi alitazama mikono yake.

— Siku niliyong'oa feni ya moja nikaipachika kwenye nyingine. Miaka sita iliyopita. Siku ile walinisifu mkutanoni, Shangazi. Walinipigia makofi. Na mimi nikafurahi, nikaendelea. Feni, diski, nyaya. Kila kilichokufa nilikifufua. Laiti ningeacha kimoja kidogo kife mapema, cha mambo madogo, pengine wangeona.



Ndipo akaja dada mmoja mbio, viatu mkononi, jasho linamtiririka. Alituangalia mmoja mmoja.

— Mtu wa kompyuta ni nani? Pale dirishani wameniambia yuko nje kwenye benchi.

— Ni mimi, dada, alisema Baridi, akasimama.

— Baba yangu amelazwa. Homa ya mapafu. Hawezi kusema tangu alipopata kiharusi. Mwaka juzi hapahapa alichomwa sindano, koo likavimba, nusura afe. Daktari akaandika kwenye kompyuta kwamba ile dawa asipewe tena maishani. Nilimwona akiandika. Sasa wananiuliza jina la hiyo dawa.

— Cheti cha karatasi huna?

— Waliniambia karatasi hazina kazi tena, kila kitu kiko ndani. Ilikuwa dawa gani?

Dada yule akamgeukia Breki, kama mtu anayeuliza njia.

— Ilikuwa dawa gani?

Dada akamtazama Shangazi, akamtazama Yuniti, akanitazama na mimi mwenye kiatu cha mtu magotini. Angemuuliza hata mbwa wa barabarani kama angepita. Kisha akarudi mbio alikotoka, na Baridi nyuma yake, ingawa sote tulijua, na yeye alijua kuliko sisi, kwamba huko aendako hana cha kufanya.

Saa nane mchana Breki alipita kwangu. Alisema daktari wa mwaka juzi alihamishwa na simu yake haipatikani. Mgonjwa alikuwa anazidiwa, kwa hiyo madaktari wameanza na dawa iliyopo, kidogo kidogo, na binti yake ameambiwa akae pale kitandani, amtazame koo kama linavimba.